Jeni zinazohifadhi uhai wa nyuroni katika kiinitete cha samaki pundamilia

Jeni zinazohifadhi uhai wa nyuroni ni jeni ambazo kazi yake huzuia seli za neva, pamoja na seli changa zinazozizaa, zisife wakati ubongo wa kiinitete unapojengwa. Jeni hizo zimechunguzwa sana katika samaki pundamilia (jina la kisayansi: *Danio rerio*), kwa sababu kiinitete chake ni angavu na seli zinazokufa ndani ya ubongo wake huonekana kwa hadubini akiwa bado hai.

Jeni moja ya aina hiyo ikiharibika, ubongo huanza kujengwa kama kawaida, lakini baada ya siku moja au mbili seli nyingi hufa. Kichwa na macho hubaki madogo, na kwa kawaida kifaranga hufa kabla ya kukomaa. Utafiti umeonyesha kwamba ni chache tu kati ya jeni hizo zilizo walinzi wa moja kwa moja wa seli. Nyingi ni jeni za kazi za kila siku za seli yoyote, kama kunakili DNA au kutengeneza protini, na ubongo huathirika kwanza kwa sababu hukua kwa kasi. Kutofautisha makundi hayo mawili ni jambo la msingi katika fani hii, kwa kuwa matokeo yake hutumika katika kueleza magonjwa ya watoto.

## Samaki pundamilia katika utafiti

Samaki pundamilia ana urefu wa sentimita 3 hadi 4 hivi. Asili yake ni vijito, mabwawa na mashamba ya mpunga ya Asia Kusini, hasa Uhindi, Bangladesh na Nepal. Jina lake linatokana na milia ya buluu iliyokoza inayopita kwa urefu wa mwili wake. Kabla ya kuingia maabara alikuwa akijulikana zaidi kama samaki wa mapambo.

Aliyemfanya kuwa mnyama wa utafiti wa jenetikia ni George Streisinger (1927-1984), mwanabiolojia mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitangaza njia ya kupata samaki wenye jeni zinazofanana kabisa. Baada ya hapo maabara nyingine zilianza kumfuga.

Sifa zinazomfanya afae ni hizi:

* Mayai hurutubishwa nje ya mwili wa jike, hivyo kiinitete kinaweza kutazamwa tangu seli ya kwanza bila kumdhuru mama.
* Kiinitete ni angavu kama kioo katika siku zake za mwanzo.
* Ukuaji ni wa haraka: katika nyuzijoto 28.5 za Selsiasi, umbo la msingi la mwili hukamilika kwa muda wa saa 24.
* Jike mmoja anaweza kutaga mayai mia moja au zaidi kwa mara moja, na kurudia kila baada ya muda mfupi.
* Jenomu yake, iliyotangazwa mwaka 2013, ina jeni zaidi ya 26,000 za kutengeneza protini. Takriban asilimia 70 za jeni za binadamu zina angalau jeni moja inayolingana nazo katika samaki huyu.

Kwa desturi, jina la jeni ya samaki pundamilia huandikwa kwa herufi ndogo za mlazo, mfano *tp53*, na jina la jeni ya binadamu kwa herufi kubwa za mlazo, mfano *TP53*.

## Ujenzi wa ubongo wa kiinitete

Katika saa za kwanza seli za kiinitete hugawanyika upesi zikitumia akiba ambayo mama aliiweka ndani ya yai. Akiba hiyo ni protini na RNA za kubeba ujumbe. Jeni za kiinitete chenyewe huanza kufanya kazi kwa wingi baada ya saa 3 hivi, kinapokuwa na seli zinazokaribia elfu moja.

Kufikia saa ya 10, tabaka la seli upande wa mgongoni limekwisha kuwa bamba la neva. Bamba hilo huzama ndani na kuwa kama kijiti kigumu cha seli, kisha uwazi hufunguka katikati yake. Sehemu ya mbele hupanuka na kugawanyika kuwa ubongo wa mbele, ubongo wa kati na ubongo wa nyuma, nayo sehemu iliyobaki huwa uti wa neva wa mgongoni.

Nyuroni za kwanza huzaliwa mapema sana. Miongoni mwake ni seli za Rohon-Beard, ambazo huhisi mguso, na jozi ya seli kubwa za Mauthner, ambazo humwezesha samaki kukwepa hatari ghafla. Kiinitete huanza kujipinda chenyewe kabla ya kutimiza siku moja. Kati ya siku ya 2 na ya 3 hutoka kwenye ganda la yai, na ifikapo siku ya 5 kifaranga huogelea na kuanza kutafuta chakula.

Katika muda huo wote, seli chache changa hulazimika kugawanyika mara nyingi ili kuzaa maelfu ya nyuroni. Kila mgawanyiko unahitaji DNA inakiliwe upya bila kosa na protini nyingi zitengenezwe.

## Kufa kwa seli kwa mpango

Seli inaweza kufa kwa ajali, kama vile kwa kukosa hewa au kuungua. Lakini inaweza pia kufa kwa mpango, yaani kwa kuwasha mitambo yake ya ndani ya kujimaliza. Kifo cha namna hiyo huitwa apoptosisi, jina lililotolewa mwaka 1972 na John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie. Seli husinyaa, DNA yake hukatwa vipandevipande, na mabaki humezwa na seli nyingine bila kusababisha uvimbe.

Apoptosisi ni sehemu ya kawaida ya ukuaji. Katika mnyoo mdogo *Caenorhabditis elegans*, seli 131 kati ya 1,090 zinazozaliwa katika mwili wa mnyoo mwenye jinsia mbili hufa kwa mpango, na nyingi kati yake ni za mfumo wa neva. Jeni zinazoongoza jambo hilo ziligunduliwa kwa mnyoo huyo, na kwa kazi hiyo Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2002. Katika samaki pundamilia pia, apoptosisi ya kawaida huonekana katika mfumo wa neva na viungo vya hisi katika siku za mwanzo.

Kwa ufupi, njia kuu hupita hatua hizi:

# Seli hupata ishara ya hatari, kwa mfano DNA iliyovunjika, au hukosa ishara ya kuishi kutoka kwa seli jirani.
# Protini za kuchochea kifo hutoboa utando wa nje wa mitokondria.
# Protini iitwayo sitokromu c huvuja kutoka mitokondria na kuingia katika maji ya seli.
# Vimeng'enya viitwavyo kaspasi huwashwa na kukata protini za seli, mpaka seli inakufa.

Kwa hiyo seli ya neva iliyo hai ni seli ambayo njia hii imezuiwa. Swali la watafiti ni jeni zipi zinaizuia, na kwa namna gani.

## Historia ya utafutaji wa jeni

Mapema miaka ya 1990 vikundi viwili vilianza kutafuta kwa mpango mkubwa jeni zinazojenga mwili wa samaki pundamilia. Kimoja kilikuwa Tübingen, Ujerumani, chini ya Christiane Nüsslein-Volhard, na kingine Boston, Marekani, chini ya Wolfgang Driever na Mark Fishman. Matokeo yao yalichapishwa pamoja katika toleo la Desemba 1996 la jarida la *Development*.

Njia yao ilikuwa kuwaweka samaki dume katika maji yenye kemikali ya ENU, ambayo husababisha mabadiliko ya nasibu katika DNA ya mbegu za kiume. Dume hao walizalishwa na jike wa kawaida, na watoto wao wakazalishwa kwa vizazi viwili zaidi. Katika kizazi cha tatu, baba na mama wanapobeba badiliko lilelile, robo ya viinitete hurithi nakala mbili mbovu, kama kanuni za Mendel zinavyoeleza. Hapo ndipo kasoro hujitokeza.

Katika kundi la Tübingen walipatikana samaki 4,264 wenye mabadiliko. Theluthi mbili kati yao walikuwa na kasoro za jumla na hatimaye waliachwa. Waliobaki na kuchunguzwa kwa kina walikuwa 1,163, na wengi wao waligawanywa katika jeni 372.

Vikundi vyote viwili vilikutana na viinitete ambavyo ubongo wao ulipoteza uangavu. Seli zinapokufa kwa wingi hutawanya mwanga, hivyo ubongo huonekana wa kijivu au mweusi chini ya hadubini. Kila kikundi kilitoa makala maalumu kuhusu mabadiliko yanayoharibu uhai wa seli za neva. Baadhi ya mabadiliko hayo yaliathiri ubongo wote na mengine sehemu fulani tu.

Wakati huo ilijulikana kwamba jeni fulani imeharibika, lakini haikujulikana ni ipi. Kuitambua jeni moja kungeweza kuchukua miaka. Nancy Hopkins na wenzake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walitumia njia tofauti: waliingiza virusi vinavyojipachika katika DNA, hivyo mahali jeni ilipokatwa palikuwa na alama. Mwaka 2004 walitangaza orodha ya jeni 315 ambazo kiinitete hakiwezi kukua vizuri bila hizo. Nyingi zilikuwa na jeni zinazolingana nazo hata katika hamira, kiumbe cha seli moja kisicho na ubongo wala neva. Hata hivyo, kasoro iliyojirudia mara nyingi kwa samaki waliozikosa ilikuwa kichwa kidogo na macho madogo.

## Makundi ya jeni

### Familia ya Bcl-2

Hawa ndio walinzi wa moja kwa moja. Jeni *BCL2* ya binadamu iligunduliwa katika saratani ya seli za damu, na mwaka 1988 David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha kwamba kazi yake ni kuzuia seli isife. Protini za familia hii hukaa kwenye utando wa mitokondria. Baadhi yake huzuia utando usitobolewe, na nyingine huutoboa. Uwiano kati ya pande hizo mbili huamua kama seli itaishi.

Samaki pundamilia ana jeni za pande zote mbili. Walinzi wake ni pamoja na *bcl2l1* na jeni mbili za aina ya *mcl1*. Jeni kadhaa za samaki huyu zipo katika nakala mbili, kwa kuwa mababu wa samaki wengi wa leo walipitia tukio la kuongezeka maradufu kwa jenomu yote. Umuhimu wa *bcl2l1* kwa nyuroni ulionekana wazi katika panya mwaka 1995: viinitete vya panya vilivyokosa jeni inayolingana nayo vilikufa karibu na siku ya 13 ya ujauzito, vikiwa na vifo vingi vya nyuroni changa.

### Jeni *mdm2* na *tp53*

Protini p53, inayotengenezwa na jeni *tp53*, hukagua hali ya DNA ya seli. DNA ikiharibika, p53 husimamisha mgawanyiko ili irekebishwe, au huamuru seli ife. Protini ya Mdm2 huizuia: huishika p53 na kuipeleka ikaharibiwe, ili isiue seli bila sababu.

Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba kiinitete cha samaki pundamilia kinachopunguziwa Mdm2 hupata apoptosisi kubwa, na kwamba p53 ikipunguzwa pia, seli huokoka. Jambo hilohilo lilikuwa limeonekana katika panya mwaka 1995. Kwa hiyo *mdm2* huhifadhi uhai wa nyuroni kwa kumzuia mkaguzi, wala si kwa kuilisha seli au kuijenga.

Jeni *tp53* ya samaki hutengeneza pia umbo fupi la protini, Δ113p53, ambalo hupunguza kifo cha seli. Hivyo jeni moja ina uwezo wa kuamuru kifo na wa kukipunguza.

### Jeni za kunakili DNA

Mfano unaojulikana vizuri ni *prim1*. Jeni hii hutengeneza sehemu ya primasi, kimeng'enya kinachoanzisha uzi mpya kila DNA inaponakiliwa. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walieleza samaki wenye *prim1* mbovu ambao nyuroni za retina ya jicho lao hufa kwa wingi. Uchunguzi ulionyesha mfuatano huu: kunakili kunakwama, ishara ya uharibifu wa DNA inawashwa, p53 inaamka, nyuroni zinakufa. Njia hiyo ilipozuiwa, vifo vilipungua.

### Jeni za ribosomu

Ribosomu ni mahali protini zinapotengenezwa ndani ya seli. Samaki pundamilia anayepunguziwa protini ya ribosomu Rpl11 hupata kasoro za ubongo na apoptosisi inayotegemea p53. Sababu moja ni kwamba ujenzi wa ribosomu unapovurugika, baadhi ya protini zake huachwa bila kazi, nazo hujishikiza kwa Mdm2 na kuizuia. Hapo p53 huwa huru.

### Jeni za mawasiliano kati ya seli

Nyuroni nyingi huhitaji ishara kutoka kwa seli nyingine ili ziendelee kuishi. Wazo hili lilianzia kwa Viktor Hamburger na Rita Levi-Montalcini, waliochunguza viinitete vya kuku, na likathibitishwa kwa kupatikana kwa protini ya kukuza neva, NGF. Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Protini nyingine ya ukoo huo, BDNF, ilisafishwa kutoka ubongo wa nguruwe mwaka 1982. Samaki pundamilia ana jeni za protini za ukoo huo na za vipokezi vyake.

Utendaji wa nyuroni yenyewe pia huathiri maisha yake, na si kwa njia moja. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba seli za Rohon-Beard hufa kidogo kuliko kawaida katika samaki wa aina iitwayo *macho*, ambao mkondo wa umeme wa sodiamu katika seli zao hizo umepungua. Mwaka uliofuata ilionyeshwa kwamba seli hizohizo hufa mapema mno katika samaki wasio na *ache*, jeni ya kimeng'enya kinachovunja kemikali ya asetilikolini baada ya kupitisha ujumbe. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha pia kwamba baadhi ya seli za Rohon-Beard huishi muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa.

## Kwa nini ubongo huathirika kwanza

Jeni kama *prim1* na *rpl11* zinahitajika katika kila seli inayokua. Lakini kifo huonekana zaidi katika ubongo na macho. Maelezo yanayokubalika yana sehemu tatu.

Kwanza ni akiba ya mama. Kiinitete chenye nakala mbili mbovu hakifi papo hapo, kwa kuwa mama yake alikuwa na nakala moja nzima na aliweka ndani ya yai bidhaa za jeni hiyo. Kiinitete huishi kwa akiba hiyo mpaka inapokwisha. Kasoro huanza kuonekana kwenye kiungo ambacho kinaendelea kugawanya seli kwa kasi wakati akiba inapungua, na katika siku ya 1 na ya 2 ubongo na macho ni miongoni mwa viungo hivyo.

Pili ni kasi yenyewe. Seli inayogawanyika mara nyingi hupunguza akiba upesi na hukutana na makosa ya kunakili mara nyingi zaidi kuliko seli iliyotulia.

Tatu ni wepesi wa kuwasha kifo. Seli changa za neva huitikia haraka ishara ya p53. Seli ya aina nyingine yenye tatizo lilelile inaweza kusimamisha mgawanyiko na kusubiri, lakini seli changa ya neva mara nyingi hufa.

Kwa sababu hizo, ubongo unaokufa hauthibitishi peke yake kwamba jeni iliyoharibika ni jeni ya ubongo.

## Njia za utafiti na mitego yake

### Kutambua seli zinazokufa

Njia rahisi ni kutazama uangavu wa ubongo. Njia ya pili ni rangi ya machungwa ya akridini, ambayo huingia katika seli zinazokufa na kung'aa chini ya hadubini ya mwanga maalumu wakati kiinitete kikiwa hai. Njia ya tatu, iitwayo TUNEL, huweka alama kwenye ncha za DNA iliyokatwa. Njia nyingine hutambua kaspasi iliyokwisha kuwashwa.

### Jaribio la p53

Mwaka 2005 ilitangazwa aina ya samaki pundamilia wenye badiliko katika *tp53*, iliyopatikana katika maabara ya Thomas Look huko Boston. Samaki hao hukua hadi utu uzima, ingawa baadhi yao huota uvimbe wa saratani kwenye maganda ya neva. Kwa kuwazalisha na samaki wenye jeni nyingine mbovu, mtafiti anaweza kuuliza swali moja wazi: p53 isipokuwepo, je, nyuroni zinaokoka? Zikiokoka, kifo kilikuwa agizo la p53. Hata hivyo kuokoka kwa seli si sawa na kupona, kwa kuwa seli iliyobaki hai inaweza kuendelea kubeba DNA yenye kasoro.

### Mtego wa morfolino

Kuanzia mwaka 2000 maabara nyingi zilitumia morfolino, molekuli fupi zinazodungwa katika yai ili kuzuia jeni fulani isitengeneze protini yake. Njia hiyo ni ya haraka na ya bei nafuu, na kwa miaka kadhaa ilitoa orodha ndefu ya jeni zilizodaiwa kuhifadhi uhai wa nyuroni.

Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba morfolino nyingine huwasha p53 na kuua seli za neva hata pale jeni iliyolengwa haihusiki. Kwa maneno mengine, dawa ya jaribio yenyewe ilikuwa inaleta dalili iliyokuwa inatafutwa. Mwaka 2015 watafiti wa Massachusetts walilinganisha kasoro za morfolino na za samaki wenye mabadiliko halisi ya jeni, wakaona kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizo, takriban asilimia 80, hazikuonekana katika samaki wenye mabadiliko.

Tofauti hiyo ina sababu zaidi ya moja. Mwaka huohuo wa 2015 ilibainika kwamba samaki mwenye jeni iliyoharibika anaweza kuongeza kazi ya jeni nyingine zinazofanana nayo, na hivyo kuficha kasoro ambayo morfolino huifichua. Kwa hiyo njia zote mbili zinaweza kupotosha, kila moja kwa upande wake. Mwaka 2017 ulichapishwa mwongozo wa pamoja wa matumizi ya morfolino, unaosisitiza kulinganisha matokeo na ya samaki wenye badiliko halisi. Mabadiliko hayo sasa hutengenezwa kwa urahisi zaidi kwa CRISPR-Cas9, iliyoanza kutumika katika samaki pundamilia mwaka 2013.

Msomaji wa makala za zamani anashauriwa kuangalia mambo matatu kabla ya kukubali kwamba jeni fulani huhifadhi nyuroni: kama badiliko halisi la jeni linaleta kasoro ileile, kama kurudisha jeni nzima kunaiondoa, na kama jaribio la p53 lilifanywa.

## Usafishaji wa seli zilizokufa

Nyuroni zinazokufa huondolewa na seli ziitwazo mikroglia, ambazo ni walaji wa mabaki ndani ya ubongo. Mababu wa seli hizo huingia katika ubongo wa samaki pundamilia kutoka nje yake, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba nyuroni zinazokufa kwa kawaida ndizo zinazowavuta. Mwaka 2008 Francesca Peri na Nüsslein-Volhard walionyesha mikroglia zikimeza nyuroni katika samaki aliye hai, na kwamba seli hizo zinahitaji pampu maalumu ya asidi ili kuyeyusha zilichomeza. Pampu hiyo ikikosekana, mabaki hujaa ndani ya mikroglia. Kwa hiyo ubongo wenye mabaki mengi unaweza kuwa ni ubongo ambao usafi wake umekwama, si lazima uwe na vifo vingi kuliko kawaida.

## Uhusiano na afya ya binadamu

Jeni nyingi zilizotajwa zipo pia kwa binadamu, na baadhi yake zimehusishwa na magonjwa:

* Mwaka 2020 ilielezwa kwamba watoto wenye kasoro katika *PRIM1* huwa na kimo kifupi sana na kichwa kidogo, hali iitwayo mikrosefali. Kasoro ya jeni inayolingana nayo ilikuwa imeelezwa kwa samaki miaka 12 kabla.
* Kasoro katika *RPL11* ni mojawapo ya sababu za anemia ya Diamond-Blackfan, ugonjwa ambao uboho wa mtoto hautengenezi chembe nyekundu za kutosha. Hapa dalili kuu iko kwenye damu, si kwenye ubongo, jambo linaloonyesha kwamba jeni ileile inaweza kuathiri viungo tofauti katika viumbe tofauti.
* Kasoro katika *SMN1*, jeni iliyotambuliwa mwaka 1995, husababisha ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli kutokana na kufa kwa nyuroni za mwendo katika uti wa mgongo. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba samaki pundamilia anayepunguziwa protini hiyo hupata kasoro katika nyuzi za nyuroni hizo.

Mikrosefali inaweza pia kutokana na sababu zisizo za kurithi. Virusi vya Zika, kwa mfano, huambukiza na kuua seli changa za neva za mtoto tumboni.

Kuzuia p53 kumeokoa seli katika majaribio ya wanyama, lakini si tiba ya kutumiwa kwa urahisi kwa watu, kwa kuwa p53 ndiyo kinga kuu dhidi ya saratani. Manufaa ya sasa ya utafiti huu ni zaidi katika utambuzi. Familia yenye mtoto mwenye kichwa kidogo inapopimwa DNA na kukutwa na badiliko lisilojulikana, jaribio katika samaki linaweza kusaidia kueleza kama badiliko hilo lina madhara. Ndiyo maana usahihi wa jaribio lenyewe una uzito: jeni ikihukumiwa kimakosa, familia hupewa jibu lisilo la kweli.

## Tazama pia

* Apoptosisi
* DNA
* Jeni
* Kiinitete
* Mfumo wa neva
* Ribosomu
* Ubongo